SIASA, VITA NA MSAADA: TUNAYOYASEMA KABLA YA KUFUNGUA KISANDUKU

(Mazungumzo yaliyosomwa na watunza funguo kwenye sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, 2014–2024)

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Tulianza mwaka 2014 tukiwa kina mama 22, hisa moja shilingi 500, mkeka mmoja wa kuazima. Leo tuko 30, hisa ni shilingi 2,000, na mikeka ni yetu wenyewe. Kisanduku ni kile kile, ila kufuli tumebadilisha mara mbili. Hesabu zenyewe mtazisikia kwa mweka hazina, maana hiyo ni kazi yake na anaiweza.

Sisi tunaosema nanyi ni watunza funguo watatu. Kama mnavyojua, kisanduku chetu kina kufuli tatu na kila mmoja wetu ana ufunguo wake mmoja. Asipokuwepo mmoja, hakifunguki. Mazungumzo haya nayo tumeyaandika hivyo hivyo: kila sentensi tumeipitisha watatu. Mmoja wetu anasoma, lakini maneno ni ya wote.

Tuliambiwa tuzungumzie "Mafanikio na Matatizo ya Kikundi". Tukakaa, tukaona mafanikio yatasemwa na wengi, na matatizo yatasemwa na risala. Kuna jambo jingine ambalo hakuna atakayelisema tusipolisema sisi. Nalo ni maneno. Yale maneno tunayoyasema kila Jumatano kabla ya kufungua kisanduku.

BUNGE LA MKEKANI

Kikao chetu huanza saa tisa alasiri. Lakini jamani, tuseme ukweli, saa tisa huwa wamefika watu kumi. Wengine bado wanatoka shamba, wengine wamekwenda kuchota maji, wengine wanamsubiri mtoto arudi shule ndipo waondoke. Hao kumi waliowahi hukaa mkekani wakitafuna kahawa na kusubiri. Na hapo ndipo nchi inapotawaliwa.

Hakuna jambo lisilokatwa shauri pale. Bei ya kahawa inapangwa upya. Mawaziri wanafukuzwa kazi. Vita vya nchi za mbali tunavyovisikia redioni vinasimamishwa. Tunaulizana kwa nini wazee wa Zanzibar wenye miaka 70 na kuendelea walianza kupewa pensheni mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, hata yule ambaye maisha yake yote alivua samaki tu. Na kwa nini majirani zetu wa Kenya mwaka 2018 nao walianza kuwapa wazee wao wote wa umri huo shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi, wakati kwetu Bara pensheni imezoea kumfuata aliyekuwa na ajira. Mtu anauliza: "Hivi aliyelima kahawa miaka arobaini, yeye hakufanya kazi?" Ni swali zuri. Tungependa lifike mbali zaidi ya mkeka wetu.

Sasa, katiba ya kikundi chetu, kifungu cha saba, inasema siasa ni marufuku kikaoni. Kifungu hicho tulikiweka kwa nia njema, na mwaka 2015 kilitusaidia. Mnakumbuka uchaguzi ule. Rangi ya kofia ilitaka kutugawa. Kuna mwenzetu alikataa kumdhamini mwenzake mkopo wa shilingi 50,000 kwa sababu tu alimwona kwenye mkutano wa chama kingine. Mwenyekiti akasoma kifungu cha saba, tukatulia.

Lakini siku hizi tunajiuliza, siasa ni nini? Dawa zahanati ni siasa. Maji ni siasa. Shule kuwa bila ada kuanzia Januari 2016 ni siasa, na ule mchango wa uji wa watoto nao ni siasa. Tukisema siasa isizungumzwe kabisa, tutabaki kuzungumzia nini, mitindo ya vitenge? Na tena, kile kifungu kilizuia maneno ndani ya kikao tu. Yale ya mkekani, kabla ya kikao, hakikuyagusa. Na ndiyo yaliyotupeleka pabaya.

VITA TULIVYOVIONA NA VITA TUNAVYOVISIMULIA

Wengi wetu hapa ni watu wa ng'ambo hii ya mto Kagera, upande wa mpakani. Wenye umri wanakumbuka mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote hii ya kaskazini mwa mto ni yake. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Watu walivuka kwa mitumbwi, wengine hawakuvuka. Mama alibeba mtoto mgongoni, kuku mkononi, na godoro akaliacha. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa akasema sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, kila mtu aliyesikia redio alilia. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Hayo ndiyo yanayoandikwa. Mkekani tunasimulia na mengine. Kwamba tulirudi tukakuta nyumba hazina milango wala mabati, na ng'ombe hawapo. Kwamba tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, tukafunga, na miezi 18 ilipokwisha mikanda ikawa bado imefungwa, sabuni na sukari vikawa vya kupanga foleni. Na kwamba mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa walikuwa wa mkoa huu wetu wa Kagera. Wapo waliosema umeletwa na vita, wapo waliosema ni magendo, na wapo waliosema ni uchawi. Kila mmoja alikuwa na maoni. Yatima walikuwa wa bibi zao.

Tunalisema hili la mwisho kwa makusudi. Katika nchi yetu mtu akiuliza nani alibeba mzigo wa vita na wa ugonjwa ule, jibu lake haliko Dodoma wala Dar es Salaam. Jibu ni bibi mwenye kibanja cha migomba na wajukuu wanne. Yeye ndiye amekuwa bima na pensheni ya ukoo.

Kuna kitu kingine tunachopaswa kukikumbuka. Mwaka 1994, Warwanda wanaokaribia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu au zaidi kidogo. Mkoa huu ukawa na kambi kubwa za wakimbizi hadi Desemba 1996, Warwanda walipotakiwa kurudi kwao. Wenzetu walioolewa huku kutoka Ngara na Karagwe wanatusimulia jinsi miti ilivyokatwa na visima vilivyokauka, na hilo ni kweli. Lakini wanasimulia pia maneno yaliyosemwa: "Wao wanapewa mahindi, maharage na mafuta bure, sisi wenyeji tunapewa nini?" Maneno hayo tuliyasema hata sisi tuliokuwa mbali na kambi. Na aliyeyasema kwa sauti kubwa kuliko wote, mwaka 1978 alilala miezi kadhaa ukumbini kwa watu asiowajua, kusini mwa mto, akila ndizi zao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama jana njaa ilikuwa yake.

ORODHA YA TASAF

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Tunaomba mtuvumilie.

Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulipofika kijijini kwetu, orodha haikuletwa ikiwa imeandikwa. Tuliitwa mkutano wa kijiji. Tukaulizwa, ni kaya zipi zilizo maskini kuliko nyingine? Tukataja. Jina likisomwa tukasema ndiyo au hapana. Mmoja wa waliotajwa alikuwa mwanachama wetu, mwanzilishi, jina la nne kwenye daftari la mwaka 2014. Hatutaji jina lake, ametuomba tusitaje. Ni bibi aliyekuwa akilea wajukuu wanne walioachwa na binti yake. Siku ile tulinyoosha mikono wote: anastahili.

Akaanza kupokea zile fedha za kila miezi miwili. Wajukuu wakahudhuria shule kama masharti ya mpango yanavyotaka. Na hisa yake hakuacha kuweka hata Jumatano moja, mara nyingi hisa moja tu, lakini hakuacha.

Basi, mkekani yakaanza. Kwanza ilikuwa utani: "Mama Serikali huyo anakuja." Baadaye: "Sisi tunaamka alfajiri, wenzetu wanasubiri mwisho wa mwezi." Halafu: "Na huyu si ana pensheni ya vita? Mumewe si alikufa Uganda?" Ni kweli, mumewe aliondoka na mgambo na hakurudi. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama kuna kitu alilipwa. Tulijua tu. Mmoja alisema, wa pili akarudia, na wa tatu akasema kama mtu aliyeona kwa macho. Na yote hayo yalisemwa akiwa hajafika, kwa sababu yeye alikuwa anakaa mbali na alikuwa anachelewa.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ikatetemeka. Hatuna haja ya kuwasimulia, kila mmoja anajua alikuwa amesimama wapi. Watu walikufa mkoani, nyumba nyingi zikabomoka, na Serikali iliweka mbele majengo ya umma, shule na hospitali. Wengi wetu nyumba zetu tulijijengea wenyewe.

Mwezi uliofuata wanachama tisa walileta maombi kwenye mfuko wa jamii. Mfuko ulikuwa mdogo. Yeye aliomba shilingi 60,000 za nguzo na mabati, kwa sababu ukuta mmoja wa nyumba yake ulikuwa umelala chini. Tukajadili. Mtu akasema: "Wanane hawa hawana pa kukimbilia. Huyu ana TASAF na ana pensheni ya mumewe." Wanne wetu walipinga. Tukawaambia wanatuchelewesha, mvua inakuja. Tukapiga kura. Wanane walipewa. Yeye hakupewa.

Yeye alikuwepo siku hiyo. Hakusema kitu. Aliweka hisa yake, akaaga, na Jumatano iliyofuata hakuja, wala nyingine. Mvua za vuli zilimkuta na wajukuu nyuma ya turubai. Mjukuu mdogo akalazwa kwa kichomi. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini hakupona kwa msaada wetu.

Na sisi watatu tunaosoma hapa, wawili tulinyoosha mkono wa kumnyima. Wa tatu alinyoosha mkono wa kumpa, akaambiwa akae chini, akakaa. Anasema hilo la kukaa linamwuma kuliko tungelimzomea.

DAFTARI HALIKUSEMA KITU

Mwaka 2019 tulikuwa tunaandaa kumbukumbu zetu ili kikundi kisajiliwe kufuatana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Katibu akafungua daftari la mihutasari tangu mwanzo. Akafika Oktoba 2016. Palikuwa na majina manane na fedha walizopewa. La tisa halikuwepo. Si kwamba liliandikwa "amekataliwa". Halikuandikwa kabisa, wala kura haikuandikwa, wala wale wanne waliopinga. Mtu anayesoma angedhani bibi yule hakuomba.

Tukatazamana. Tukajua kwamba siku ile tulijua tunafanya nini. Neno la haki huliogopi daftari.

Tukaenda kwake watatu, na kilo mbili za sukari. Alitukaribisha vizuri, akatupa kahawa ya kutafuna, akauliza habari za nyumbani mmoja mmoja. Ndipo tukamwuliza, kwa aibu, ile habari ya pensheni. Akasema: "Wanangu, mimi niliolewa kimila. Nilipokwenda ofisini niliulizwa cheti cha ndoa. Barua aliyoniachia mume wangu ilikuwa ndani ya nyumba, na nyumba mnajua ilivyokuwa tuliporudi mwaka 1979. Nilikwenda mara tatu, nikaacha. Sijawahi kupokea hata senti."

Miaka yote hiyo tulikuwa tunagawa mkekani pensheni ambayo haikuwepo.

Tukamwomba arudi. Akasema atarudi kwa sharti moja: "Andikeni. Mliponinyima hamkuandika. Andikeni niliomba, mkanikatalia, na sababu mliyoitoa. Mkishaandika, nitakuja." Tukaandika ukurasa mzima kwenye daftari, wote tukatia sahihi au dole gumba. Akarudi, na hisa yake moja.

ZAWADI NA HAKI

Kabla ya kumaliza tunataka kusema jambo la pili linaloshikamana na hili.

Mwaka huo huo wa 2019 tulipata mkopo wa halmashauri usio na riba. Mwaka 2020 wakati wa kampeni akaja mgeni, akasimama na kutuambia, "Kina mama, zile fedha nimewaletea mimi, msinisahau." Tukapiga makofi, kwa sababu sisi ni watu wa adabu. Jioni tukaulizana: hivi ni zake?

Tukatafuta mtu atueleze. Akatueleza kwamba tangu 2018 sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Na mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru wa soko, ni leseni, ni ushuru wa mazao. Yaani ni ile risiti anayokatiwa mwenzetu anayepanga ndizi gulioni. Tulikuwa tumempigia makofi mtu aliyetushika mkono na kutuonyesha mfuko wetu wenyewe.

Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana kasoro nyingi za urejeshaji na vikundi hewa, ikafunguliwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hiyo nayo ni siasa, na ilitugusa, kwa sababu sisi tulirejesha yote na bado tukasubiri pamoja na wasiorejesha.

Kwa nini tunaliunganisha hili na habari ya bibi? Kwa sababu kosa ni lile lile, limegeuzwa tu. Kinachotoka kwa mkubwa, ambacho ni haki yetu, tunakiita zawadi na kukipigia makofi. Kinachokwenda kwa mnyonge, ambacho ni haki yake, tunakiita bure na kukinung'unikia. Mkubwa tunamsema vizuri akiwepo. Mnyonge tunamsema vibaya akiwa hayupo. Hiyo ndiyo siasa iliyotuharibia kikundi, na haikuletwa na chama chochote. Tuliileta sisi wenyewe, na mkeka wetu.

WALE WACHACHE

Wazee hapa wanaikumbuka Tume ya Jaji Nyalali ya mwaka 1991, iliyozunguka nchi ikiuliza watu kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo waliofurahi na wapo walionung'unika, na mpaka leo mkekani wanabishana. Sisi hatusemi nani alikuwa sawa. Tunachosema ni hiki: wale wawili katika kumi walihesabiwa, wakaandikwa, wakasikilizwa. Sisi tulikuwa na wanne waliopinga, na hatukuwahesabu hata kwenye daftari.

Kwa hiyo tangu 2019 tumebadilisha mambo matatu, na tunayasema mbele yenu ili mtukumbushe tukiyasahau.

La kwanza, kifungu cha saba tumekiandika upya. Hakisemi tena siasa ni marufuku. Kinasema: hakuna kofia, hakuna kampeni, hakuna mgombea kikaoni, lakini jambo linalogusa maisha ya wanachama litazungumzwa, na litakaloamuliwa litapelekwa kwa viongozi kwa barua. Lile swali la mkulima wa kahawa na pensheni yake, mwaka jana tuliliandika. Nakala iko ukurasa wa mwisho wa daftari.

La pili, mfuko wa jamii hauulizi tena "una nani mwingine wa kukusaidia?" Unauliza "umepungukiwa na nini?" Mwenye TASAF, mwenye mtoto mjini, mwenye mume mwenye mshahara, wote wanaulizwa swali moja, na wanajibu wenyewe.

La tatu, kila ombi linaandikwa, lililokubaliwa na lililokataliwa, na sababu yake, na hesabu ya mikono pande zote mbili. Mtu akitaka kumnyima mwenzake, anyime kwa maandishi. Tumeona kwamba maneno mengi yanayosemeka mkekani hayaandikiki. Kalamu ikifika hapo, mtu mwenyewe anasema, "Aa, acheni, basi apewe."

NENO LA MWISHO

Yule bibi alipopata habari kwamba kutakuwa na kitabu hiki, alitujia. Akasema: "Kwenye daftari mliandika, nashukuru. Lakini daftari linasomwa na wanachama. Maneno yenu yalisomwa na kijiji kizima." Akanyamaza. Tukamwuliza anataka tufanye nini. Akasema, "Ninyi ndio wenye funguo."

Kwa hiyo tunasema, mbele ya Mgeni Rasmi, mbele ya kijiji, na kwenye kitabu kitakachobaki baada yetu: mwezi Oktoba 2016 mwanachama mwanzilishi wa kikundi hiki aliomba shilingi 60,000 kutoka kwenye mfuko aliouchangia. Alistahili. Tulimkatalia kwa sababu mbili: moja ilikuwa haki yake iliyowekwa na mkutano tuliouhudhuria sisi wenyewe, na nyingine ilikuwa uongo. Tumemwomba radhi nyumbani kwake. Leo tunamwomba radhi hadharani. Shilingi 60,000 zake zilitoka mwaka 2019, naye alizipokea, akatia sahihi.

Yuko hapa. Hatutamwonyesha kwa kidole. Tulimwomba awe mtunza funguo wa mwaka ujao, akakataa. Amesema anapenda kukaa karibu na mlango, ili mtu anayechelewa akifika wamsogezee nafasi.

Ndugu wanachama, Jumatano ijayo saa tisa tutakuwa mkekani kama kawaida. Tutazungumza. Tutaisema Serikali, tutaisema bei ya kahawa, tutawasema wanaopigana huko duniani. Hatuwazuii, na sisi tutakuwemo. Tunachoomba ni kwamba mkianza kumsema mtu, mtazame kwanza kama amefika. Kama hajafika, msubirini.

Kina mama oyee! Kikundi chetu kidumu!